Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Makocha wa Maisha

Ndugu Wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu ninawajibika kuwasilisha mbele yenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaokwisha. Nafanya hivyo nikiwashukuru wajumbe wa kamati ya utendaji, katibu ambaye hakukosa kikao hata kimoja, na wale wanachama wachache ambao kila tulipowaita waliitika.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitazirefusha. Vikao vya mwezi vya mazoezi vilifanyika 11 kati ya 12. Makundi ya mafunzo ya awali yalikuwa 3 yenye wanafunzi 46, ambao 39 walihitimu. Kamati ilikutana mara 9. Makocha walezi 7 waliwapa saa 10 za malezi wanachama wote waliokuwa wakijiandaa kuomba daraja la kitaaluma. Na malalamiko ya kimaadili yaliyopokelewa ni 2, yote yakamalizwa kwa usuluhishi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina.

Naomba sasa niingie katika jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo, yaani uamuzi wa kubadili utaratibu wa kumpata mkufunzi mkuu, ili atazamwe kwanza akifundisha badala ya kupewa nafasi kwa ukongwe. Wanachama 27 wametia saini barua inayosema kwamba uamuzi huo umewavunjia heshima wakongwe wa chama, na kwamba mwenyekiti aliusukuma ili ajipatie nafasi. Barua hiyo nimeisoma mara nyingi, na naona ni haki yenu ijibiwe kikamilifu, hata kama jibu litachukua sehemu kubwa ya taarifa hii.

Tangu chama kianze, ukufunzi mkuu ulifuata ukongwe. Aliyekaa muda mrefu zaidi na kufikisha saa za kazi zinazotakiwa ndiye aliyekabidhiwa kundi la makocha wapya. Utaratibu huo ulikuwa na sababu zake, kwani tulikuwa wachache, tulijuana, na kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake akifanya kazi. Hata hivyo ulisimama juu ya dhana moja ambayo hatukuwahi kuijaribu, kwamba aliye kocha mzuri, anayemsaidia mteja kwa maswali ajitafutie majibu yake, moja kwa moja atakuwa mkufunzi mzuri wa makocha.

Waliotia saini wametaja madaraja ya shirikisho la kimataifa la makocha, ICF, wakisema mwenye daraja la juu hana haja ya kutazamwa tena. Nayaheshimu madaraja hayo, nami ninalo moja, nililolipata kwa jasho. Shirikisho hilo, lililoanzishwa mwaka 1995, linamtaka mwenye daraja la kwanza, ACC, awe na saa 60 za mafunzo na saa 100 za kazi na wateja. Wa daraja la kati, PCC, saa 125 na saa 500. Na wa daraja la juu, MCC, saa 200 na saa 2,500. Naomba namba hizo zisomwe kwa makini. Zinahesabu muda ambao mtu amekaa na wateja na muda ambao yeye mwenyewe alikaa darasani akifundishwa. Hazihesabu hata saa moja ya kumsikiliza kocha mwanafunzi anapomsikiliza mteja, kutambua uzi ulikatikia wapi, na kumwonesha bila kumvunja moyo wala kumfanyia kazi yake. Kocha aliyeketi na mteja wake ana mtu mmoja wa kumwangalia. Mkufunzi mkuu ana mteja, ana kocha mwanafunzi, na ana darasa zima linalotazama, na wote hao wanamhitaji kwa wakati uleule.

Nieleze kilichotufikisha hapa, kwa ridhaa ya waliohusika na bila kutaja majina wala kundi. Katika somo la kuonesha kikao, mkufunzi wetu mwenye uzoefu mkubwa alimwita mwanafunzi mmoja awe mteja mbele ya wenzake 15. Kwa desturi yetu, mwanafunzi huyo alitakiwa alete jambo lake la kweli, si la kuigiza, naye akasema anataka kuzipanga vizuri jioni zake. Baada ya dakika kama kumi alitamka neno “nyumbani”, sauti ikamkauka, akaanza kuikunja na kuikunjua karatasi aliyoishika. Mkufunzi aliiona ile karatasi. Amenieleza mwenyewe kwamba aliiona. Akauliza swali zito zaidi, kwa sababu alitaka darasa lishuhudie namna swali zuri linavyomfikisha mteja mahali ambapo hakutarajia kufika. Swali lilifanya kazi. Mwanafunzi akalia msiba ambao hakuwa amemwambia mtu yeyote pale, na kwa robo saa nzima watu 15 wakawa mashahidi wa jambo lisilowahusu. Katika kikao cha faragha swali lile huenda lingefaa sana. Mbele ya darasa halikufaa, kwa sababu hapakuwa na makubaliano ya mahali pa kukomea, hapakuwa na muda wa kumtuliza, na hakuna aliyefikiri kumshauri amwone mtaalamu wa ushauri nasaha. Mwanafunzi huyo hakurudi tena.

Nilipomtembelea kumwomba radhi kwa niaba ya chama, alinipokea vizuri, akaniambia kwamba hakukasirishwa na kulia, bali kilichomuumiza ni kwamba kwenye mapumziko wenzake walikuwa wakimsifu mkufunzi kwa swali lile. Maneno hayo sijayasahau, na ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika rasimu ya utaratibu mpya wiki hiyohiyo.

Wapo waliosema kwamba tukio moja halitoshi kubadili utaratibu wa miaka yote. Nami niliona hivyo, ndiyo maana nilitaka tuangalie kwa upana zaidi. Fomu za tathmini za kundi lile zilimjaza mkufunzi sifa, kama ambavyo fomu zetu huwajaza sifa karibu wakufunzi wote. Donald Kirkpatrick, mtaalamu wa Marekani wa tathmini ya mafunzo, tangu mwaka 1959, aliwafundisha watu wa mafunzo kupima katika hatua nne: washiriki waliyapokeaje mafunzo, walijifunza nini, wanatenda nini wakirudi kazini, na kuna matokeo gani. Sisi miaka yote tumekuwa tukipima hatua ya kwanza tu, kisha tunapigiana makofi. Kwa hiyo kamati iliomba rekodi za vikao vya wahitimu miezi mitatu baada ya mafunzo, kwa ridhaa ya maandishi ya wateja wao. Tulipata 12. Katika 8 kati ya hizo kocha alizungumza kuliko mteja, na maswali mengi yalikuwa ushauri uliovishwa kanzu ya swali: “Huoni kwamba ingekuwa vyema uzungumze naye kwanza?” Mteja akiulizwa hivyo hana la kutafuta moyoni mwake, kilichobaki ni kukubali au kukataa. Nilizisikiliza rekodi zote 12 mimi mwenyewe, nyingine mara mbili, na nilitambua humo namna za kusema za wakufunzi wetu, mpaka vituo vyao na maneno yao ya kujazia. Wanafunzi walikuwa wameiga walichokisikia mbele ya darasa.

Hapo ndipo utaratibu mpya ulipozaliwa. Anayeomba kuwa mkufunzi mkuu awe na daraja la PCC au la juu zaidi; awe mkufunzi msaidizi kwa makundi 2 mfululizo; atazamwe akifundisha somo la dakika 90, pamoja na kuonesha kikao mbele ya darasa; na asikilize rekodi ya kikao cha mwanafunzi kisha ampe mrejesho, huku watathmini wakimsikiliza. Akishapita, atarudi kutazamwa kila baada ya miaka 3, muda uleule ambao ICF humtaka kocha ahuishe daraja lake. Sioni ni wapi hapo mkongwe anadhalilishwa.

Sehemu ya mrejesho ndiyo iliyolalamikiwa zaidi, na ndiyo ambayo sitakubali iondolewe maadamu niko katika nafasi hii. Mmoja wa waombaji alisikiliza rekodi ya mwanafunzi aliyemkatiza mteja mara tatu. Sisi watazamaji tulikuwa tumeshaandika “amekatiza, amekatiza, amekatiza”. Yeye alirudisha rekodi mahali pamoja tu, pale mteja alipovuta pumzi kabla ya kuendelea, akaisimamisha, kisha akamuuliza mwanafunzi: “Hapa ulikuwa umesikia nini?” Mwanafunzi akanyamaza kwa muda mrefu, na mwombaji akamwacha anyamaze. Mwisho mwanafunzi akasema: “Nilisikia ukimya, nikaogopa.” Kuanzia hapo walikuwa na somo la kufanyia kazi, na mwanafunzi ndiye aliyeliibua. Mwombaji huyo ana miaka michache katika chama. Kwa utaratibu wa zamani angesubiri zamu yake muda mrefu sana.

Sasa nijibu tuhuma kwamba nilijitengenezea nafasi. Rasimu niliiandika mimi, hilo sikatai, na nilitumia wiki sita za usiku wangu kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea. Ombi langu la ukufunzi mkuu lilipofika mezani nilitoka nje, na katibu amelinukuu hilo kwenye muhtasari. Watathmini walikuwa 4, wawili kati yao si wanachama wetu. Walioomba walikuwa 6. Waliopita mara ya kwanza ni 3. Mimi nilikuwa miongoni mwa 3 waliorudishwa. Watathmini waliniambia kwamba nilimpa mwanafunzi hoja saba kwa mpigo wakati hata mbili zilikuwa zinamtosha, na kwamba nilikuwa nikifundisha ili nionekane najua. Yaliniuma, lakini yalikuwa ya kweli. Nilifanya mazoezi na mkufunzi mwenzangu kwa muda mrefu, nikarudi, nikapita. Anayetaka kujitengenezea nafasi haweki mlangoni pake mtihani atakaoushindwa kwanza yeye mwenyewe, na naomba jambo hilo lizingatiwe na waliotia saini.

Kuhusu wakongwe wetu waliokuwa wakiongoza makundi, hakuna aliyefukuzwa. Mmoja ameamua kutotazamwa, akaandika barua ya kujitoa ukufunzi. Barua yake ilinihuzunisha kwa sababu ndiye aliyenifundisha mimi kusikiliza. Nimemfuata mara mbili kumsihi, na nitamfuata tena.

Lipo pia suala la namna uamuzi ulivyopitishwa. Taarifa ya kikao ilitumwa siku 21 kabla, ikiambatanishwa na rasimu yote ya kurasa 6. Katika wanachama 96, waliofika walikuwa 19, idadi iliyotosha akidi kwa shida. Waliokubali walikuwa 14, waliokataa 3, na wawili hawakupiga kura. Kati ya 27 waliotia saini barua ya kupinga, 5 tu walikuwepo siku ile, na muhtasari unaonesha kwamba wawili kati yao waliinua mkono kukubali. Ndugu zangu, kikao kile kilichukua saa tatu. Kila ibara ilisomwa kwa sauti na kila mwenye swali alisikilizwa. Ni vigumu kwangu kupokea lawama ya kutoshirikisha watu kutoka kwa watu nilioandaa viti vyao, navyo vikabaki vitupu.

Mahudhurio mabovu hayakuishia siku ile. Vikao vya mazoezi vilikuwa na wastani wa watu 14, na kimoja kilikuwa na 6, akiwemo katibu na mimi. Kocha asiyefanya mazoezi na wenzake hana wa kumwambia kwamba ameanza kuzungumza kuliko mteja, na anayetaka kuwa mkufunzi wa makocha ilhali haonekani kwenye mazoezi kwa mwaka mzima ananiweka mahali pagumu. Kwenye ada, waliolipa yote ni 41, waliolipa nusu ni 23, na wasiolipa kabisa ni 32. Humo ndani ya 32 wamo watu wanaotumia jina la chama kwenye kadi zao za kazi. Watathmini kutoka nje walikubali kuja kwa kujitolea safari hii, nami niliwaomba kwa unyenyekevu mkubwa. Sina uso wa kuwaomba tena bure.

Kwa mwaka unaokuja tunatarajia, uwezo ukiruhusu, kuongeza idadi ya wakufunzi wasaidizi, kuandaa mwongozo wa kuonesha kikao mbele ya darasa, na kuendelea kukusanya rekodi za wahitimu. Tunatumaini pia kupata mahali pa kudumu pa kufanyia mafunzo, jambo ambalo tumelizungumza kwa muda mrefu na ambalo, tukishirikiana, naamini litafikiwa.

Majina ya wanaotaka kutazamwa katika awamu ijayo yafike kwa katibu kabla ya kikao cha kwanza cha mazoezi, pamoja na uthibitisho wa ada. Barua ya wanachama 27 imewekwa kwenye kumbukumbu pamoja na taarifa hii, na waliotia saini watapewa nafasi ya kwanza kuzungumza mara mweka hazina atakapomaliza.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti