Msiichafulie jina p53

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kuwaandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ile habari yenu iliyoiita p53, protini iliyomo ndani ya seli zetu, "protini inayoleta saratani" imepotosha watu.

p53 haileti saratani. Ni breki. Vinasaba vya seli vikipata hitilafu, p53 huamsha protini nyingine, p21, ambayo husimamisha mzunguko wa seli, yaani hatua ambazo seli hupitia hadi kugawanyika, mpaka hitilafu itengenezwe. Isipotengenezeka, seli hiyo huuawa. Balaa huanza jeni ya p53 yenyewe inapoharibika, na hilo huonekana katika takribani nusu ya saratani za binadamu. Wanasayansi walipoigundua mwaka 1979 nao waliidhania mchochezi, kwa kuwa nakala walizozichunguza zilikuwa na kasoro tayari. Kufikia mwaka 1989 walishajisahihisha. Ninyi mmeturudisha kulekule!

Dada yangu anatibiwa saratani ya titi. Daktari alimsisitizia ale vyakula vya protini ili mwili uhimili dawa. Aliposoma habari yenu akaisukuma sahani, akasema protini ndiyo inayommaliza. Nikamweleza, mama akambembeleza, yeye akatuonyesha gazeti: "Si imeandikwa hapa?" Mtu amekonda, anatapika, halafu anajinyima chakula kwa sababu mwandishi wenu hakujishughulisha kueleza kwamba mwili una maelfu ya protini, kila moja na kazi yake, na kwamba p53 hailiwi, seli hujitengenezea! Hadi muuguzi alipokaa naye na kumfafanulia pole pole ndipo akakubali kula. Wasio na muuguzi wa namna hiyo je?

Halafu kuna hivi vichwa vyenu vya habari vya "tiba yapatikana". Msomaji anafika aya ya mwisho ndipo anaambiwa waliopona ni panya. Dawa zinazozuia CDK4 na CDK6, protini zinazochochea mzunguko huohuo wa seli, zipo kweli. Mojawapo, palbosiklibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2015, kwa aina fulani tu ya saratani ya titi. Mbona hilo hamliandiki?

Nataka masahihisho ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule. Na kuanzia sasa, chini ya kila kichwa cha habari chenye neno saratani, wekeni mstari mmoja wa wino mzito: jaribio lilifanywa kwa binadamu, panya au seli za maabara, na protini inayotajwa inachochea au inazuia. Mstari huo apitishe mtu wa maabara kabla gazeti halijaenda mitamboni.

Msomaji wenu