Barua kwa Baba kutoka Amman

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, na natumaini nyote hapo Tanga hamjambo. Uliniuliza kwa simu kwa nini Waisraeli na Waarabu hawapatani, ilhali Yordani, ninakosoma, ilitia saini mkataba wa amani na Israeli tangu mwaka 1994.

Mkataba upo, na tangu hapo majeshi ya nchi hizi mbili hayajapigana vita. Lakini walioafikiana ni wakubwa, na donda lenyewe halikuguswa. Mama mwenye nyumba ninayopanga ana uraia wa hapa na hupiga kura hapa, lakini ukimwuliza kwao ni wapi hutaja Lydda, mji ulio ndani ya Israeli leo, ambao wazazi wake waliondolewa mwaka 1948, Wapalestina wapatao 700,000 walipokimbia au kufukuzwa makwao. Hata wanawe, ambao hawajapata kuuona mji huo, hujibu hivyo hivyo.

Kwake yeye, kurudi ni haki. Kwa Waisraeli walio wengi, kurudi kwa watu hao wote ni mwisho wa dola ya Kiyahudi, ambayo wazee wao waliikimbilia baada ya Wayahudi milioni sita kuuawa Ulaya, na wengine walipolazimika kuhama Iraki na Yemeni. Mimi naona hofu hiyo ni ya kweli, kama ulivyo wa kweli uchungu wa mama huyu, na ndiyo maana Mapatano ya Oslo ya mwaka 1993, kati ya Israeli na viongozi wa Wapalestina, yaliahirisha suala la wakimbizi, pamoja na la Yerusalemu, mipaka na makazi ya walowezi wa Kiisraeli. Wakati wote huo wa kuahirisha, makazi hayo yalizidi kujengwa katika ardhi ambayo Israeli iliiteka vitani mwaka 1967. Na viongozi waliothubutu kutafuta amani, Sadat wa Misri na Rabin wa Israeli, waliuawa na watu wa mataifa yao wenyewe, wala si na adui.

Unawakumbuka vijana wetu wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo wakauawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Nilipomsimulia mama huyu habari zao alinipa pole kwa moyo, akanyamaza kitambo, kisha akageukia televisheni, ambako watu wa Gaza walikuwa wakifukua maiti za watoto katika kifusi. Sikuweza kumwambia neno.

Nisalimie Mama na wadogo zangu. Nitapiga simu Ijumaa.

Mwanao akupendaye.