Risala ya wapenda picha za zilipendwa kwa mgeni rasmi: tunaomba chumba kikavu

Mheshimiwa mgeni rasmi, mlezi wetu, viongozi wa meza kuu, wanakikundi wenzangu na wageni waalikwa, habari za mchana.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha leo, na tunakushukuru wewe mheshimiwa kwa kuitikia mwaliko, tunajua ratiba yako imebana, na tumefurahi zaidi kwamba umekuja mwenyewe na hujatuma mwakilishi.

Historia yetu fupi, sitawachosha. Tulianza watu 6 na boksi moja la picha lililokuwa linaelekea jalalani, leo tuko 23. Mafanikio ni makubwa mno: tumefanya maonyesho mawili na watu walijaa, tumetoa kalenda ya ukutani, na vijana wetu wanne wanachora mabango kwa staili ya zamani, herufi za mkono na rangi chache zilizokolea, kazi zao zinatafutwa kwelikweli.

Kuna wanaotuuliza, hivi picha ya redio ya kaseti au simu ya kuzungusha namba ina nini cha kutunza? Mheshimiwa, ina mengi. Andy Warhol, msanii wa Marekani, mwaka 1962 alionyesha picha 32 za kuchora za makopo ya supu ya Campbell's, vitu vya dukani tu, na leo hakuna anayebisha kwamba ile ni sanaa. Na hii hamu ya zamani haikuanza kwetu, neno nostalgia lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari kule Basel, Uswisi, akiuita ugonjwa wa kutamani nyumbani. Sisi tunaona ni dawa. Harusi na sikukuu kila mtu alipiga picha akazitunza, lakini kiti cha sebuleni, pazia, kaseti imeshikwa na kalamu inarudishwa nyuma, hivyo vinaonekana kwa bahati tu pembeni mwa picha ya mtu, na ndivyo vinavyomfanya mtu mzima asimame mbele ya picha dakika kumi anacheka peke yake.

Sasa nifike kwenye kilichotuleta, changamoto yetu kubwa, na ni moja tu: hatuna chumba kikavu.

Vitu vyetu vyote viko kwenye stoo yenye ukuta unaolowa. Picha ina maadui watatu, joto, mwanga na unyevu, na pale stoo wawili wanaishi kabisa. Picha za rangi za zamani rangi zake hazififii sawasawa, ile ya bluu mara nyingi inatangulia kuondoka ndo maana nyingi zinabaki wekundu mtupu. Negativu za asetati, yaani zile filamu za plastiki za zamani, zikianza kunuka siki ujue zimeanza kuoza, na mvuke wake unaharibu hata zile nzima zilizo jirani, sisi harufu hiyo tumeshaisikia kwenye maboksi mawili. Yaani tunafungua boksi kwa hofu.

Mheshimiwa, mwaka juzi kwenye hafla kama hii tuliahidiwa chumba, tukapiga makofi na vigelegele, tukapanga mpaka kabati lingekaa wapi. Mwaka jana tukaambiwa suala liko mezani linashughulikiwa. Hukuwa wewe aliyeahidi na wala hatulaumu mtu, ila ahadi ni deni, na tangu siku ile ya makofi mvua zimepita misimu miwili na tumepoteza albamu 3.

Kuna picha moja binti aliileta ya mama yake marehemu. Mama kakaa kando ya redio, gauni la madoadoa, mkono uko kwenye kitufe cha sauti kama vile ndo anaongeza wimbo. Ilikuwa kwenye fremu, unyevu ukaingia, uso ukanata kwenye kioo, tulipojaribu kuitoa shavu lote likabaki kwenye kioo. Binti alituuliza, si mlisema mtaitunza? Tulikosa jibu.

Kwa hiyo tunaomba chumba kimoja, hata kidogo, kikavu kisichopigwa na jua, makabati ya chuma, na skana ya mezani, inayosoma dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, inatosha kwa picha za karatasi, ikiwa na taa ya juu ya kusomea negativu tutashukuru zaidi. Kazi ya kuskani tutafanya wenyewe bila malipo, zamu tumeshapanga. Kama chumba kitachelewa basi tuanze na skana, angalau tubaki na nakala.

Na kwa heshima zote, leo tungeomba utuachie tarehe, hata iwe ya mbali. Ile picha ya mama na kioo chake iko kwenye bahasha hapo mezani mbele yako, tunakuomba uifungue kabla hujasimama kuzungumza.

Naomba kuwasilisha.