Barua kwa mwanangu: Mgeni kaondoka

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Shikamoo zako zote ulizokuwa ukizituma kwenye simu nazijibu hapa kwa mkupuo mmoja: marahaba. Mama yako hajambo, goti langu ni lilelile, na embe zilizobaki mtini tunagombea na popo.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu nimeshakudanganya mara mbili, na nikikupigia leo nitakudanganya ya tatu. Mgeni, mbwa wako, kaondoka. Ijumaa, baada ya sala. Yuko Pongwe kwa wale mzee na mkewe wanaofuga mbuzi. Ni mzima, kadi yake ya chanjo wanayo. Ila wale watu walikuja kumtaka tangu mwezi uliopita. Ulipouliza nikasema hawakurudi. Walirudi, mwanangu. Mara mbili.

Nianze mbali kidogo ndipo utanielewa.

Ulipomleta kutoka soko la samaki la Deep Sea, nilikubali kwa sababu ya ule waya. Ulimtoa chini ya ngalawa akiokota matumbo ya samaki, shingoni ana waya wa kufungia nondo uliozama kwenye nyama, na harufu yake ilitutangulia mlangoni. Wewe ukamfunga mdomo kwa bendeji, mimi nikakata waya kwa koleo. Sikuwahi kumgusa mbwa maishani mwangu. Mikono ilinitetemeka nikasingizia koleo limeota kutu.

Kisha likizo ikaisha, ukapanda basi kurudi Morogoro kwenye masomo yako ya udaktari wa wanyama, ukasema, “Baba, wiki sita tu, mpaka apate kwao.” Ukanikataza kumpa jina, eti mlezi wa muda akishatia jina ameshaanza kumiliki. Ndiyo maana nikamwita Mgeni, nikijidai hilo si jina. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alijipa mwenyewe: alinifukulia kitalu chote cha mchicha.

Mambo ya mama yako unayajua. Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na uani ndiko anakoanika nguo zake za kusalia. Tukakubaliana banda likae nyuma ya pipa la maji, bakuli lake liwe lake, na mimi niwe na shati la mbwa na shati la msikitini. Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alinisimamisha baada ya Isha akaniuliza kama kustaafu bandarini ndiko kumenifikisha huku. Nikaenda kwa sheikh wetu, kusema kweli nikitafuta sababu ya kukurudishia mbwa wako. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanikumbusha yule mtu aliyemkuta mbwa akiramba mchanga kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakiuma kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. “Najisi ni mate, yanaoshwa,” akasema. “Wewe mpe maji.” Nikarudi nyumbani sina hoja.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikulisoma kwenye karatasi uliyoniachia. Uliandika chakula, dawa ya minyoo, asipewe kitunguu wala mifupa ya kuku iliyopikwa. Nilifuata yote: uji wa dona na vichwa vya vibua nilivyovichambua miba kama ninamlisha mtoto. Lakini hukuandika kuhusu kuinama. Kila nilipoinama kuokota makubadhi yangu niende msikitini, Mgeni alijitupa nyuma ya pipa, masikio yamelala, mkojo unamtoka. Siku ya kwanza nilidhani ameumwa na nge. Ilinichukua siku nne kuelewa. Mbwa wa mtaani anajua kitu kimoja kuhusu mtu anayeinama: anaokota jiwe. Fikiria sasa, mzee wa goti bovu anajifunza kuvaa viatu bila kuinama! Nikawa natundika makubadhi kwenye msumari, navaa nimekaa. Baadaye nikaanza kuinama makusudi, mbali naye, naokota kipande cha muhogo uliochemshwa namtupia. Kila siku hivyo, alfajiri na alasiri. Wiki ya tano alibaki amesimama. Alitetemeka, lakini alisimama.

Mama yako alikuwa akinichungulia dirishani. Aliniuliza ninamwinamia nani.

Suala la kidole unalijua nusu. Kweli aliniuma nikimtoa kupe sikioni, na kosa lilikuwa langu, nilimvuta. Ile siku ilikuwa kichekesho ungeiona. Mama yako anataka nioshe mara saba, moja kwa udongo. Wewe kwenye simu unapiga kelele, “Sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, udongo usiguse jeraha!” Na mimi katikati, damu inadondoka kwenye sinki. Tukafanya ya daktari kwanza, mama yako ameshika saa; kidole kilipofungwa, kwa ajili ya mama yako tukalipeleka bakuli la Mgeni kwenye udongo. Ukanilazimisha niende hospitali japo mbwa alishachanjwa Septemba 28, siku ile ya kichaa cha mbwa duniani tulipopanga foleni pamoja kwenye ofisi ya mifugo. Ulisema chanjo ya wiki mbili tatu haimhakikishii mbwa aliyeokotwa, huenda alishaambukizwa kabla. Nilikwenda. Sindano siku hizi ni za mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kwa zile za tumboni za enzi zetu. Halafu siku 10 za kumwangalia Mgeni kama anabadilika tabia, mate, sauti. Ulidhani nilikuwa naogopa kufa. Nilikuwa nahesabu siku zake, si zangu.

Kufungwa kizazi kulikwenda vizuri, mkono wa yule mwenzako ni mwepesi, mwambie. Ila ile kola ya plastiki aliitafuna usiku wa kwanza. Nikachukua ndoo ndogo ya rangi, nikaikata kitako, nikailainisha kingo kwa msasa, nikamvisha kichwani asirambe nyuzi. Siku 12 alitembea na ndoo ya rangi nyeupe ya nje, anagonga pipa, anagonga mnazi, anagonga mlango wa choo saa tisa usiku. Mama yako ndiye aliyeanza kucheka. Siku ya nyuzi kutolewa nilimkuta anamwambia, “Haya, umevuliwa kilemba.” Nilijifanya sikusikia.

Basi wakaanza kuja wa kumtaka.

Wa kwanza alikuwa mwenye bohari. Akamzunguka kama anayenunua ng'ombe, akauliza kama ni mkali. Nikasema si mkali, ni mwoga. Akasema hilo si tatizo, atamfunga mnyororo mchana kutwa, amlishe pilipili, baada ya mwezi atakuwa mkali. Halafu alipojua ni jike akasita, majike yanazaa hovyo. Nikamwambia huyu hazai tena. Akarudisha hamu. Nilikumbuka Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 uliyonisomea kwa sauti ukijiandaa na mtihani, nikaona mtu hakuja kusomewa sheria. Nikamwambia tu mbwa ameshapata kwao. Hapo sijutii. Watu wengi huku wanataka mbwa kama wanavyotaka kufuli; na mbwa anayefungwa mnyororo kutwa hana hata ulinzi wa maana, anabwekea upepo na mwizi sawasawa.

Wa pili ni yule mama mwenye watoto wa shule. Tulikubaliana majaribio ya wiki mbili. Siku ya nne wakamrudisha kwa toroli, Mgeni ndani ya toroli, na tetea aliyekufa juu ya kiroba kama kielelezo cha mahakamani. Nilimlipa kuku wake. Hakuna aliyekosea pale, mimi ndiye niliyesahau kuuliza kama wana kuku.

Wa tatu ndio hawa wa Pongwe. Safari hii niliuliza kila kitu. Mna kuku? Hatuna, mbuzi tu. Mtamfunga? Usiku atalala bandani na mbuzi, mchana atakwenda nao malishoni. Mlishawahi kufuga mbwa? Yule mzee akasema walikuwa naye mmoja miaka 11, alikufa kwa uzee, wamemzika chini ya mwarobaini. Alisema hivyo bila kutaka sifa, akawa anaangalia mikono yake.

Hapo palitosha. Wewe ungewapa siku ileile.

Mimi nikasema nije nione uzio. Nikaenda, nikaona pengo la kupita paka, nikasema pengo. Wakaliziba. Wakarudi na chupa ya maziwa ya mbuzi. Nikawaambia Mgeni anaharisha, tusubiri. Mama yako akauliza kutoka jikoni, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, “Anaharisha nani?” Wageni wakaangaliana. Walipoondoka alitoka na mwiko mkononi, akasimama mbele yangu. “Hivi siku wakija watu kumposa mwanao,” akasema, “nao utawaambia anaharisha?”

Nilicheka. Usiku sikulala vizuri.

Maana ni kweli, mwanangu, nilikuwa natafuta kasoro. Kwa yule wa bohari nilikuwa namlinda Mgeni. Kwa hawa nilikuwa najilinda mwenyewe. Nikajiambia uani kwetu amezoea, ananijua mimi peke yangu, akihamishwa atarudi nyuma ya pipa. Kumbe uani kwetu ni hatua 14 kutoka mnazini hadi chooni, nimezipima. Mbwa wa miaka miwili anakimbia hatua 14 halafu anageuka, anakimbia 14 anageuka. Na mama yako amevumilia miezi mitatu kuanika nguo zake sebuleni, hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo kwa mama yako ni sawa na kufunga swaumu ya sita. Tena ulishanieleza: kule Deep Sea wapo wengine, na mlezi wa muda akishabaki na mmoja moja kwa moja, banda limejaa, mlezi amekwisha.

Ijumaa nikawapigia mwenyewe.

Daladala walitukataa, hilo nililitegemea. Mwenye bajaji akakubali kwa nauli ya watu watatu na kiroba juu ya kiti. Mgeni alitoa kichwa nje njia nzima, pua juu, tulipofika kwenye mkonge akaanza kupiga chafya, sijui vumbi sijui furaha. Pale kwao alijibanza nyuma ya miguu yangu. Mke wa yule mzee hakumfuata. Alichuchumaa mbali kidogo, akaangalia pembeni kama hana habari naye, mkono ameuacha chini. Sikumfundisha mimi. Mgeni alikwenda hatua mbili, akarudi, akaenda tatu. Mbuzi mmoja akaja kumnusa mkia na wote wawili wakashtuka.

Tukanywa chai barazani. Nilipotaka kuondoka, nikainama kuokota makubadhi yangu, nimesahau kabisa. Nikashtuka mimi. Mgeni alikuwa amelala kwenye kivuli, akainua jicho moja, akalifumba.

Uliniambia nisiage, niondoke kama ninayekwenda dukani. Nikafanya hivyo. Ila sikutii lote; kwenye kona niligeuka. Alikuwa ameketi anawaangalia mbuzi. Nitakwambia ukweli kwa kuwa barua hii ndiyo ya ukweli: nilitaka alie kidogo.

Banda nimelifua kwa maji ya moto na dawa ya madoa, limekauka juani siku mbili. Nguo za mama yako zimerudi uani. Bado navaa makubadhi nimekaa, goti limependa. Wenzako wakiwa na mwingine wa kuleta, waje baada ya wiki mbili, siyo kabla, na mama yako anasema asiwe mchimbaji.

Chanjo ya Mgeni inayofuata ni Septemba. Nimewaambia wale wa Pongwe kwamba nitakwenda mwenyewe kumchukua nimpeleke. Hawakuniomba.

Baba yako