Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Mto Ruvu hauanzii kwenye Bwawa la Kidunda

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, upande wa mashariki, kwenye iliki na migomba. Huku ndiko unakoanzia Ruvu, mto unaoinywesha Dar es Salaam.

Mwishoni mwa 2022 kina cha Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji, lawama zote zilibebeshwa mvua. Kweli ilikosekana. Lakini sisi wa huku juu tunajua na jambo la pili: hata ikinyesha, siku hizi haikai.

Njoo Aprili nikuonyeshe mashamba mawili yanayopakana. La kwanza limechomwa moto, likapandwa mahindi. Matone yanapiga udongo mtupu mpaka juu unagandamana kama sakafu iliyosilibwa, maji yanateremka yote kwa pamoja, rangi ya chai ya maziwa. Jioni kijito kimefurika, asubuhi kimenywea. Shamba la pili lina iliki na pilipili manga chini ya kivuli cha miti mikubwa. Chomeka mkono kwenye majani yaliyooza, unazama mpaka kifundo. Hapo maji hayakimbii, yanazama. Hayo ya Aprili ndiyo tunayochota Septemba.

Wataalamu watakwambia kwamba miti nayo hunywa maji. Ni kweli, tusifichane. Kule Mbeya, kati ya 1958 na 1968, watafiti walipima mabonde mawili madogo, moja la msitu na jingine lililolimwa, na lililolimwa ndilo lililotoa maji mengi zaidi. Ila udongo wa kule ni wa majivu ya volkano, humeza mvua hata ukilimwa. Wa kwetu ukiachwa wazi haumezi. Kwa hiyo naomba tusihesabu miche tu. Tuulize ni mti gani, umepandwa wapi, na chini yake ardhi ikoje.

Hili limenigusa mwenyewe. Chemchemi ya kitongoji chetu ilikuwa katikati ya mikuyu. Tukaletewa miche ya mikaratusi ya bure, tukaambiwa tukiizungushia pale tunalinda chanzo. Nami nilichimba mashimo. Ndoo iliyokuwa ikijaa kabla hamjamaliza kusalimiana, baada ya miaka michache tukawa tunaikalia foleni, kina mama wakikinga kwa kikombe. Mkaratusi hukua haraka kwa sababu hunywa haraka, mahali pake si kwenye chemchemi.

Tafadhali usije na amri. Mwaka 1955 wazee wetu wa Matombo waliandamana kupinga matuta ya ngazi ya mkoloni, kwa kuwa yalifukia udongo wenye rutuba na kufukua uliokufa. Hawakuchukia kuhifadhi mlima, walichukia kutumikishwa kwa kitu kilichowanyima chakula. Leo sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Naiunga mkono. Lakini mwenye nusu ekari kando ya kijito, mita 60 ndizo shamba lake lote, na watoto wanataka kula.

Bwawa la Kidunda, huko chini kwenye Ruvu, litahifadhi lita bilioni 190. Ni jambo jema. Lakini tope letu nalo litafika huko, kama tope la upande wa magharibi wa mlima lilivyofika bwawa la Mindu, Morogoro mjini.

Ninachoomba ni sehemu ya bili ya maji ya Dar es Salaam irudi mlimani. Si ndoto, iliwahi kufanyika Kibungo Juu, huku huku Uluguru: wakulima walilipwa kwa kuchimba fanya juu, yaani mitaro ya kukinga maji ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu, na kupanda miti, na sehemu ya fedha ilitoka kwa watoa huduma ya maji wa jiji. Mradi ukaisha, malipo yakaisha. Yarudishwe, safari hii yawe ndani ya bajeti ya wizara. Tupewe miche ya mikarafuu, mdalasini na iliki badala ya mikaratusi, na iliyopo kwenye chemchemi tusaidiwe kuing'oa, tupande mikuyu.

Kwetu tuko tayari kuanza vuli hii.

Wako mtiifu,
Mkulima wa iliki, Uluguru