Filamu ya goma imempitia mbali mpiga malunga

Mhariri,

Wiki iliyopita nilitazama filamu ya hali halisi kuhusu goma, ngoma ya Wasidi wa jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Naomba nafasi katika gazeti lako kueleza kwa nini imenifurahisha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Wasidi ni kizazi cha Waafrika waliovushwa au waliovuka wenyewe Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine mabaharia na askari. Wasidi wa Gujarat sasa huzungumza Kigujarati, na wale wa Saurashtra wamo katika orodha ya makabila yanayopewa hifadhi maalumu na sheria za India. Neno goma lenyewe halihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili, na hata ngoma yao iitwayo musindo jina lake halipo mbali na msindo wetu.

Filamu imeyaonyesha vizuri mambo ambayo watalii wanaokwenda kutazama simba katika msitu wa Gir huchezewa jioni hotelini: vijana waliovaa manyoya ya tausi viunoni, nyuso zilizopakwa rangi, na nazi inayorushwa juu ikaja kupasukia kichwani mwa mchezaji. Sina ugomvi na hayo, kwani ni riziki ya watu wenye kipato kidogo, na kwa sababu hiyo hiyo hayamo hatarini.

Kilichomo hatarini ni malunga, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu, ambao mafakiri wa Kisidi walitembea nao nyumba hadi nyumba wakiimba jikri, yaani dhikiri, za kumsifu Bava Gor, walii aliyezikwa Ratanpur na ambaye Wasidi humhusisha na biashara ya akiki, vito vilivyofika hadi pwani yetu vikiwa shanga. Wanaojua kuupiga wamebaki wachache sana. Filamu imempa mzee mmoja muda usiotimia dakika: amekiegemeza kibuyu mwilini, anakisogeza na kukirudisha, na sauti ya uzi inafunguka na kufumba kama mtu anayesema midomo ikiwa imekaribiana. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kumsikia, mara kamera ikarudi kwenye nazi.

Kubwa zaidi ni maneno. Ndani ya jikri hizo mna maneno yenye asili ya Afrika ambayo waimbaji wenyewe wameyarithi bila maana yake, na kila yalipotokea, tafsiri iliyoandikwa chini ya picha ilikatika, kana kwamba mzee alikuwa akiguna tu. Mimi nilirudisha nyuma mara nne sehemu moja, nikapata neno moja nililodhani nalijua na mengine mawili yaliyonishinda. Mtu mwenye Kimakonde, Kiyao au Kimrima cha zamani huenda angepata zaidi.

Kwa hiyo naviomba vituo vya televisheni vya hapa nchini, iwapo kimojawapo kitainunua filamu hii, viwaombe watengenezaji rekodi nzima ya mzee yule bila kukatwa, kisha wazee wetu wa ngoma wa Tanga, Bagamoyo, Lindi na Mtwara waketishwe waisikilize neno kwa neno, na majibu yao yapelekwe Gujarat wakati yeye angali na nguvu za kuukamata upinde.

Msomaji wako,
Tanga