Kabla hujapanda kifurushi, chomeka kebo kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niongee na wale wote ambao mechi inawagandia kwenye tivi kila wikiendi, na niongee na makampuni ya intaneti pia, maana hii kitu inawala watu hela bila sababu. Mimi kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya majumbani hapa Dar, na nyumba nyingi ninazoitwa stori ni ile ile, picha inaganda, kiduara kinazunguka tu, mteja anapiga huduma kwa wateja anaambiwa zima ruta uwashe tena, ikigoma anaambiwa apande kifurushi kikubwa, anapanda, analipa, na Jumamosi inaganda vile vile.

Tuanze na spidi yenyewe kwa sababu hapo ndo watu wanapopigwa. Netflix wenyewe wanasema filamu ya HD kamili inataka Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha spidi) na ya 4K, ile picha kali zaidi, inataka 15. Sasa mtu ana kifurushi cha Mbps 20, tivi moja na simu za familia, mnamwambia haitoshi? Inatosha, mechi moja haimalizi hizo. Swali ni je, hizo 20 zinafika kwenye tivi? Na zikifika zinatulia au zinakatika katika? Ukipima spidi umesimama pembeni ya ruta umepima ruta, hujapima tivi iliyoko chumba cha tatu.

Alafu kuna kitu kinachanganya watu wengi sana. Utasikia mtu anasema mbona YouTube inacheza poa ila mechi laivu inaganda, basi hii app ni mbovu. Sio lazima iwe app. Video iliyorekodiwa tivi inaivuta mapema na kuiweka akiba, kama nyumba yenye simtanki, maji yakikatika bombani kwa muda mfupi wewe ndani hata hujui. Mechi laivu haina hiyo akiba kubwa kwa sababu goli ambalo halijafungwa huwezi kulivuta mapema, akiba ni ya sekunde chache, mtandao ukiyumba kidogo tu unaona hapo hapo. Kuganda msikuchanganye na kuchelewa lakini. Kusikia majirani wanashangilia goli la dabi wakati kwako mpira bado uko kwenye kona hilo sio kosa la ruta yako, laivu ya intaneti kwa kawaida inakuja nyuma ya ile ya king'amuzi hata uwe na faiba nzuri namna gani.

Sasa cha kufanya. Tafuta kebo ya mtandao, Cat5e inatosha na inaenda mpaka mita 100, chomeka kutoka kwenye ruta mpaka kwenye tivi, hata kama itapita katikati ya sebule jioni moja tu, watoto watairuka. Angalia mechi nzima. Ikiacha kuganda basi laini yako ni nzima na kifurushi chako ni kizima, shida ni waifai ya ndani. Ikiendelea kuganda hata kwa kebo, mwenye kompyuta aichomeke kebo hiyo hiyo aingie kwenye ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, a-ping ruta yake, yaani aandike ping na anwani yake aone kama inajibu, ruta nyingi ni 192.168.1.1, alafu a-ping 8.8.8.8, hiyo ni seva ya Google iliyoko nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu bila kukosa na ile ya nje ikawa inaruka ruka, na hamna kifaa kingine ndani kinachojaza laini, hapo tatizo liko upande wa kampuni na una haki ya kuwapigia. Yapo kweli matatizo ya nje, Mei 2024 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zilipokatika nchi nyingi huku kwetu ziliteseka, hapo hata ungehamisha ruta kila kona hamna ambacho kingebadilika. Ila hayo huwa ya watu wote, sio ya sebule moja.

Ya ndani ndo mengi, na mengi yanaanzia siku ile ile fundi alipofunga. Ruta inawekwa pale waya unapoingilia, kwenye kona, nyuma ya tivi au ndani ya kabati la vyombo, kuta za tofali za saruji na nondo zote zikiwa katikati. Waifai nyingi zina mawimbi ya aina mbili. Ya 2.4 GHz yanapenya ukuta vizuri zaidi ila kwenye maghorofa yamejaa ya majirani, na chaneli, yaani njia za kupitishia mawimbi hayo, ambazo haziingiliani ni tatu tu, 1, 6 na 11, alafu microwave nayo ikiwashwa inapiga kelele humo humo. 5 GHz ni ya kasi zaidi na ina nafasi ila ukuta wa pili tu inachoka. Wengine wananunua ripita, kile kifaa cha kupokea waifai na kuirusha mbele, wanaiweka kule kule ambako waifai haifiki, sasa itarudia nini? Iwekwe katikati, mahali bado pana nguvu. Na angalieni simu, mtu katoka harusini simu inapandisha video zote Google Photos, njia ya kupandisha ikijaa na ya kushusha inakwama, tivi inaganda, analaumiwa mwenye kampuni.

Ombi langu kwa makampuni ni moja na halina gharama. Fundi akimaliza kufunga asiishie kupima kwa simu yake pembeni ya ruta. Aende mpaka tivi ilipo, apime kwa waifai, apime na kwa kebo, aandike namba zote mbili kwenye ile fomu anayomsainisha mteja. Namba ya waifai ikiwa ndogo sana kuliko ya kebo, ahamishe ruta au avute waya siku hiyo hiyo kabla hajaondoka. Na mteja akipiga simu kulalamika, aulizwe kwanza kama amejaribu kebo, habari za kifurushi kikubwa zije baadae kama bado zinahitajika. Na nyie wateja, hiyo fomu msisaini mpaka mzione hizo namba mbili.

Fundi mitandao,
Tabata, Dar es Salaam